Kuuza Si Kuchanga

Habari kwamba mume wake anagombea ubunge Mama Mapacha aliipata kwa mteja aliyekuja kupunguziwa sketi. Mke wa ndoa mwenyewe alikuwa hajui. Pini zilikuwa mdomoni, kwa hiyo aliitikia "mm" kama mtu ambaye jambo hilo limeshamchosha, akamaliza pindo, akapokea ujira wake, kisha akavuka ua mpaka chumba cha mbele. Mume wake alikuwa huko anamng'oa mtu jino.

"Ni kweli?"

Daktari alikuwa na koleo mkononi, na mgonjwa alikuwa ameachama. "Nilitaka nikuambie jioni," akasema.

"Mtaa mzima unajua."

"Ndiyo maana nilitaka nikuambie jioni, kabla hujasikia mtaani."

Mgonjwa akatoa sauti. Labda alikuwa anamwonea huruma mama, labda ni jino tu. Mama Mapacha akarudi kwenye cherehani yake, na siku hiyo sketi za watu zilishonwa kwa hasira.

Ukweli ni kwamba Daktari alikuwa na sababu. Mji ule ulikuwa na mtaro mkubwa wa maji machafu uliopita nyuma ya soko na mbele ya shule, na kila mvua iliponyesha mtaro ulifurika ukawatembelea watu majumbani. Wabunge walikuja na kwenda, mtaro ukabaki. Daktari naye hakuna mtu mjini ambaye hakuwahi kumfungulia mdomo. Walimpenda kwa jambo moja: akisema "itauma kidogo" iliuma kidogo, na akisema "hii itauma sana" ulilia mpaka ukamsahau mama yako. Katika mji wa waahidi, alikuwa mtu pekee aliyeahidi maumivu na kuyatimiza. Wagonjwa ndio waliomwambia, "Daktari, gombea." Akagombea. Wito wake ukawa "Ng'oa Uozo."

Mweka hazina wa kampeni alikuwa shemeji yake, kaka wa Mama Mapacha. Huyu alikuwa karani katika ofisi ya wakili, na kwa kukaa miaka mingi karibu na sheria, sheria ilikuwa imemwambukiza. Hata ukimwomba chumvi mezani angetaka kujua unaomba kwa kifungu gani. Watu walimwita Kifungu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mwaka ule kulikuwa na sheria mpya ya uchaguzi. Ilisema hakuna mtu wala kampuni kumchangia mgombea zaidi ya kiwango fulani. Kiwango chenyewe kilikuwa cha heshima kwa mtu wa kawaida. Kwa mkandarasi mkubwa wa mji, hicho kilikuwa chakula cha mbwa wake wa mwezi mmoja.

Mkandarasi huyo aliitwa Kokoto. Alijenga barabara, madaraja na mitaro, na kila alichojenga alipewa kukijenga tena mwaka uliofuata, kwa sababu kilikuwa hakipo. Alikuja kwa Daktari wiki ya kwanza ya kampeni, akaweka mfuko wa saruji juu ya meza. Ndani hamkuwa na saruji.

"Mchango wangu," akasema.

Daktari akauchungulia, akaufunga. "Ndugu yangu, sheria hairuhusu. Kuna kiwango."

Kokoto alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yamepigwa marufuku kuteremka mlima. "Daktari, mimi nawachangia wagombea wote. Sibagui. Mwenzako mbunge nimempelekea jana, wala hakuniuliza kitu. Alisema tu asante."

"Mimi nakuuliza. Peleka nyumbani."

Kokoto akabeba mfuko wake, akatoka ameumia moyo. Mama mzazi wa Daktari, ambaye aliishi nao na alikuwa anachambua mboga mlangoni, alisubiri gari liondoke ndipo akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri. Sasa tutakula nini?"

Swali lilikuwa la maana. Mpinzani, yule mbunge aliyekuwa madarakani, alikuwa na malori yenye spika, wacheza ngoma, na fulana za kila saizi. Daktari alikuwa na mabango ya rangi moja, na picha yake ilikuwa imetoka nyeusi kiasi kwamba watu waliuliza kama ni tangazo la msiba. Spika aliyoazima ilikatika kila alipofika kwenye neno "maji." Mikutano yake ilihudhuriwa na wagonjwa wake tu, wengine wakiwa bado na pamba shavuni, hivyo hata kumshangilia hawakuweza. Watu walianza kusema: huyu bwana ni mzuri, lakini hana nguvu. Mkono mtupu haulambwi.

Daktari alianza kukosa usingizi. Akawa anarudi nyumbani amekauka sauti, anakaa sebuleni anatazama ukuta. Hapo ndipo Kifungu alipokuja na sheria kwapani.

"Shemeji, nimeisoma yote, nikairudia. Sikiliza vizuri. Imekataza kuchanga. Kuuza haijagusa."

"Kuuza nini?"

"Chochote. Wewe una mali, mtu anaipenda mali yako, anakupa bei mnayokubaliana. Hapo kuna mchango? Hapo kuna biashara. Kuuza si kuchanga." Akanyoosha kidole kuelekea uani. "Ile pikapu, kwa mfano."

Pikapu ya Daktari haikuwa na injini. Injini ilishauzwa siku nyingi, na ndani ya boneti kuku walikuwa wanaatamia.

"Nani atanunua ile?"

"Wewe niachie mimi."

Daktari alifikiri juu ya mtaro, akafikiri juu ya ile spika inayokatika. "Lakini ni kuuza tu," akasema, kana kwamba anamuuliza mtu.

"Kuuza tu, shemeji."

Kesho yake Kokoto alikuja, akaizunguka pikapu, akapiga tairi teke, akasema ni gari zuri sana, hawatengenezi tena magari kama haya. Akalipa bei ya gari jipya. Kuku wakatoka wakipiga kelele.

"Na hawa?" Kokoto akauliza.

"Wachukue tu," akasema Daktari, ambaye aibu ilikuwa imeshamfanya mkarimu.

"Usithubutu!" Kifungu akaruka. "Huyu ni mpiga kura! Mgombea akimpa mpiga kura kuku wa bure, hiyo ni rushwa!"

Basi Kokoto akalipia na kuku, bei ya ng'ombe kila mmoja, na sheria ikaheshimiwa.

Habari hazina miguu lakini hufika. Wafanyabiashara wa mji waliokuwa wamekaa pembeni wakitazama upepo, waliposikia kwamba Kokoto amepata pa kuingilia, hawakutaka kuachwa nje. Mwenye kituo cha mafuta akaja akapenda makochi. Mwenye mabasi akapenda kabati la vyombo, na vyombo. Mwenye maghala, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alipita chumba cha mbele, akajilaza kwenye kiti cha kung'olea meno, akabonyeza kitufe, kiti kikamwinua na kumshusha. "Hiki," akasema akiwa amefumba macho, "nakitaka." Akakipeleka ofisini kwake, akawa anatazamia mpira humo, na ile taa ya mdomoni akiiwasha wakati wa penati.

Kampeni ikapata nguvu. Mabango yakawa ya rangi, na Daktari akatoka akitabasamu. Spika mpya zilisema "maji" mpaka mji wa jirani. Na kila Daktari aliporudi nyumbani alikuta sauti yake mwenyewe inamrudia kutoka kutani, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuizuia.

Mama Mapacha alivumilia. Kitanda cha wageni kilipoondoka alisema wageni watalala chini. Kitanda chao kilipoondoka alisema na sisi tumekuwa wageni. Watoto mapacha walikuwa shule ya bweni, na alishukuru Mungu, kwani aliogopa Kifungu angewapima bei. Mama mkwe wake alitembea na meno yake ya bandia mdomoni hata wakati wa kulala, tofauti na desturi yake. "Nikiyaacha kwenye bilauri," alisema, "kaka yako atayapatia mteja."

Siku moja Mama Mapacha alikwenda sokoni kununua uzi. Aliporudi alikuta meza yake tupu. Pale cherehani ilipokuwa, rangi ya mbao ilikuwa mpya, na chini kulikuwa na sindano moja imelala.

Kaka yake alikuwa uani anaandika risiti.

"Kaka. Cherehani yangu iko wapi?"

"Imepata bei nzuri sana. Wewe hutaamini. Bei ya lori!"

"Niliuliza iko wapi."

"Kwa mwenye maghala. Sasa usikasirike, dada yangu. Mali ya wanandoa kwa mujibu wa—"

"Niliinunua kabla sijaolewa! Kwa kushona mashuka ya hospitali, vidole vikitoka damu! Ulikuwepo! Wewe ndiye uliyenisaidia kuibeba!"

Kifungu alifungua mdomo kutafuta kifungu, na labda angekipata, lakini rili ya uzi ilimpiga kwenye paji la uso, ikafuatiwa na nyingine ya rangi tofauti. Mama Mapacha hakusubiri kuona rangi ya tatu inatua wapi. Alishika njia mpaka maghalani.

Mwenye maghala alimpokea kwa heshima zote, amelala kwenye kiti cha meno. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imewekewa kalenda juu.

"Shikamoo mzee. Nimefuata cherehani yangu. Iliuzwa bila mimi kujua."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana. Mimi mwenyewe sishoni, unaniona. Nirudishie pesa yangu, uichukue hata sasa hivi. Vijana watakubebea."

"Pesa imeshakuwa fulana."

"Basi," akasema mzee kwa huruma ya kweli, "tuiombee ushindi."

Njiani kurudi alikutana na fulana hizo. Zilikuwa zimejaa barabarani, uso wa mume wake juu ya matumbo ya watu wasiomjua, "Ng'oa Uozo," na mishono ilikuwa imeanza kufumuka begani kabla ya kufuliwa mara moja. Hilo lilimuuma zaidi. Cherehani yake nzuri ilikuwa imeliwa ili kushonesha vitu ambavyo yeye angeona haya kuvitoa dukani.

Daktari aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta.

"Sikujua kwamba ataiuza na hiyo," akasema. "Wallahi sikujua. Baada ya uchaguzi nitakununulia mpya."

"Kwa kuuza nini?"

Alikaa sakafuni pembeni yake. Kwa muda walikuwa mume na mke wa zamani, wale waliopanga chumba kimoja bila hata ndoo. Alimshika mkono, akamwambia kwamba anaona aibu, lakini ameshafika katikati ya mto, na mtu aliye katikati ya mto akirudi analowa sawa na akivuka. Mama Mapacha alitaka kumwambia kwamba kuna watu wanaozama. Alinyamaza, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu bado aliamini habari ya mtaro.

Kokoto alirudi wiki ya mwisho. Alitaka kununua tena, na hakukuwa na kitu. Yeye na Kifungu walizunguka vyumba vitupu kama watu waliochelewa mnada, mpaka Kifungu akasimama mbele ya mlango mkubwa wa nyumba. Ulikuwa wa mbao nzito, uliotengenezwa na marehemu baba yake Daktari, fundi seremala, kwa mkono wake.

"Huo hapana," akasema mama mkwe. "Huo ni mkono wa baba yako."

"Mama, hautang'olewa," Kokoto akamtuliza. "Mimi ni mtu mzima, nina adabu. Utabaki hapo hapo, mtaufunga na kuufungua kama kawaida. Nitajua tu moyoni kwamba ni wangu."

Daktari alimtazama mama yake, akatazama chini. Mlango ukauzwa.

Wakati huo mpinzani alikuwa hana raha. Alijua fulana hazioti mtini. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya uchaguzi: mgombea fulani amepokea michango kupita kiwango, achunguzwe. Tume ikamtuma ofisa wake, mama mmoja mwenye miwani minene na sifa ya ukali. Ilisemekana kwamba aliwahi kumwondoa mgombea kwa ajili ya kreti moja ya soda.

Alifika asubuhi. Mama Mapacha akamkaribisha, akatafuta pa kumkalisha, akageuza ndoo. Ofisa akakaa juu ya ndoo, mkoba mapajani, akageuza kichwa polepole. Alitazama alama za makochi sakafuni na msumari ulioning'iniza saa zamani. Jiko la mawe matatu uani nalo aliliona.

"Daktari," akasema, "vitu vya nyumba hii viko wapi?"

"Nimeuza."

"Vyote?"

"Vyote."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kampeni."

Daktari aliinamisha kichwa. Alikuwa anangoja swali linalofuata, ambalo mtoto wa darasa la pili angeliuliza: uliwauzia akina nani, kwa bei gani? Alikuwa tayari kulijibu. Baadaye alimwapia mke wake kwamba jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini swali halikuja. Ofisa alikuwa amevua miwani anaifuta, na kilichokuwa kimeilowesha si jasho.

"Miaka yote niliyofanya kazi hii," alisema, "nimekagua majumba ya kifahari. Sijawahi kuona mgombea aliyeuza kitanda chake mwenyewe ili awatumikie watu."

Kifungu akakohoa kwa unyenyekevu. Mama Mapacha akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia kwa uchungu: "Hata cherehani ya mke wake, mama! Hata hiyo imekwenda!" Ofisa akazidi kulia.

Taarifa ya tume ilisema hakuna kosa lililopatikana. Ofisa akaongeza kwa mkono wake kwamba mgombea huyu ni mfano kwa taifa. Magazeti yakaja kupiga picha ndoo. Akina mama wa soko, ambao walikuwa hawajui wamchague nani, wakaja wakasimama sebuleni kimya kama watu walioingia mahali patakatifu. Mmoja akaacha sahani, mwingine mkeka, na michango hiyo ilikuwa chini kabisa ya kiwango. Daktari akapita kwa kura nyingi ambazo mji ule ulikuwa haujapata kuziona. Alibebwa juu kwa juu, na fulana zikafumukia hapo hapo mabegani mwa waliombeba.

Asubuhi iliyofuata familia ilikuwa kwenye mkeka, inakunywa chai kwa zamu kwenye vikombe viwili. Mlango ukafunguka, Kokoto huyo ndani. Mama Mapacha alikuwa anatoka kuoga, ana taulo. Akarudi bafuni mbio.

"Wewe! Hodi hujui?"

"Samahani, shemeji," akasema Kokoto akivua viatu kwa heshima. "Lakini mtu anabishaje hodi kwenye mlango wake?"

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi. Hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye. Alileta mkate na aliuliza habari za mapacha. Alikuwa anakaa tu, mpaka mheshimiwa anakwenda kazini. Wengine nao walipita: mwenye mabasi akitaka vituo vihamishwe, mwenye maghala akitaka ushuru utazamwe. Hakuna aliyeomba. Walimkumbusha tu jinsi makochi yake yalivyo laini.

Fedha za mtaro zilipatikana. Daktari alizipigania kweli, hapo hana deni la mtu. Lakini zabuni ilipofika, Kokoto alikuja na mkate, na siku hiyo alikaa muda mrefu zaidi. Akapewa kazi. Mtaro ukajengwa haraka, ukapakwa rangi nyeupe, ukazinduliwa kwa utepe. Mvua ya kwanza ikauvunja vipande. Maji yakaingia sokoni na vile vipande vya saruji, vikapiga meza za akina mama, na mama mmoja aliyewahi kuacha sahani pale sebuleni akapoteza duka zima la nafaka.

Redioni wakamuuliza mheshimiwa. Mama Mapacha alisikiliza dirishani kwa jirani, maana redio yao nayo ilikuwa kwa mwenye mabasi. Alisikia sauti ya mume wake, laini, yenye usingizi: "Suala hilo tunalifuatilia kwa karibu. Wananchi wawe na subira, hakuna madhara makubwa." Kwa maisha yake yote alikuwa hajamsikia akimwambia mtu mwenye maumivu kwamba haiumi.

Alirudi akafunga nguo zake kwenye shuka. Mama mkwe akamwona, akaanza kufunga na zake.

"Mama, wewe baki na mwanao. Mimi na yeye tuna ugomvi wetu."

"Nibaki nilinde mlango wa watu?" akasema bibi. "Twende."

Walipanga vyumba viwili karibu na soko, vyenye baraza. Fundi mmoja mzee aliyeacha kazi kwa ajili ya macho akamkopesha Mama Mapacha cherehani yake, alipe kidogo kidogo. Mwanzoni wateja walikuwa wachache, kwa kuwa watu walikuwa na hasira na mheshimiwa na hawakujua kama hasira hiyo inamhusu na mkewe. Kisha wakaona kwamba anakaa kama wao na maji yanamwingilia kama wao. Wakarudi na sketi zao.

Daktari aliwatembelea siku za mapumziko. Alikuja na matunda, akakaa kwenye ngazi. Bibi alimwita "mheshimiwa," na kila alipomwita hivyo alijikunja kama mtu aliyeguswa jino bovu.

Siku moja alikuja hana matunda. Alikaa, akangoja mteja aondoke.

"Wameunda kamati," akasema. "Ya kurekebisha sheria ya fedha za uchaguzi. Wamenifanya mwenyekiti."

Mama Mapacha aliinua macho. "Wewe?"

"Mimi ndiye mfano kwa taifa. Iko kwenye maandishi ya tume."

Bibi alicheka mpaka akalazimika kushika meno yake. Daktari hakucheka. "Mama Mapacha, niambie. Nikaseme nini?"

"Unajua cha kusema."

"Nikisema, basi tena. Kokoto hatanisamehe, na wenzangu pale hawatanisamehe. Wewe hujui, kuna mheshimiwa mmoja ameuza paa. Anaishi chini ya paa la mtu."

"Mume wangu," akasema, na ilikuwa muda mrefu hajamwita hivyo, "wagonjwa wako ulikuwa unawaambia nini kabla ya kushika koleo?"

Alitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Itauma."

"Basi nenda ukaume."

Akaenda. Mbele ya kamati, na waandishi wakiwepo, alisimama akaeleza yote, kuanzia kuku wa bei ya ng'ombe mpaka mlango wa baba yake. Mwanzoni wajumbe walicheka, wakidhani ni utani wa kufungulia kikao. Alipoendelea, wakaacha kucheka mmoja mmoja. Alipotamka neno "paa," mheshimiwa mmoja akaomba ruhusa ya kwenda msalani na hakurudi.

Habari zikavuma, nchi ikakasirika, na kamati ikalazimika kufanya jambo. Iliandika kifungu kipya: ni marufuku mgombea kuuza kitu chochote kwa bei iliyopita thamani yake. Watu wakashangilia. Mwishoni mwa kifungu kulikuwa na maneno machache yaliyoletwa na mshauri wa sheria wa kamati, ambaye kwa bahati alikuwa Kifungu: "isipokuwa baina ya ndugu." Alieleza kwamba serikali haiwezi kuingilia mapenzi ya familia.

Uchaguzi uliofuata Kokoto aligundua kwamba ana ndugu katika kila jimbo. Binamu hapa, mjomba pale. Sehemu moja ndugu wa kunyonya. Aliwatembelea wote. Kwa miaka yote alikuwa hajui kwamba anatoka katika ukoo mkubwa kiasi kile, na ilisemekana aligusika sana.

Daktari hakugombea tena, wala hakuna aliyemwomba. Mji uligawanyika juu yake: wengine walisema ni mwizi aliyetubu, wengine walisema ni mjinga aliyeshindwa kunyamaza, na mama wa nafaka alisema ni vyote viwili, lakini alimsalimu. Siku ile ile aliyosema kwenye kamati, Kokoto alituma vijana wenye bisibisi wakauchukua mlango. Nyumba isiyo na mlango hailaliki. Daktari alihamia kwenye vile vyumba viwili akiwa na sanduku moja, na Mama Mapacha alimwonyesha upande wa kulala bila maneno mengi, ingawa ilichukua muda kabla ya kumgeukia.

Siku hizi anang'oa meno barazani, kwenye kiti kilichokuwa cha kinyozi. Ukuta mmoja tu unamtenga na cherehani. Wanasikizana kutwa nzima, huyu akikanyaga pedali, yule akisema "hii itauma." Bibi hafurahii mpangilio huo. Analalamika kwamba watu wakipiga mayowe upande ule, wateja wa upande huu wanaruka wakati wa kupimwa, na sketi zinatoka kubwa.